Maneno Matatu ya Mafuta Yafaayo Kufahamika

Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, kazi ya mkulima haiishi shambani. Jani bichi likikaa sana katika magunia hupata joto na kuharibika, kwa hiyo sharti lifike kiwandani siku ile ile. Lori likizimika mlimani, hasara si ya mwenye lori peke yake, bali ni ya kila mtu aliyechuma asubuhi ile. Basi yafaa kila atumiaye mafuta ayafahamu maneno matatu ya wataalamu.

Neno la kwanza ni okteni, kipimo cha petroli. Ndani ya injini, mvuke wa petroli na hewa hushindiliwa, kisha huwashwa kwa cheche ya plagi. Petroli hafifu hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na mwali wa cheche hiyo. Injini hugonga kama nyundo, na pistoni huweza kuharibika. Wengi hudhani kwamba okteni kubwa ni nguvu nyingi. Sivyo, ni uwezo wa kustahimili kushindiliwa tu. Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi, hata injini ya kawaida isiyo na tabo haigongi upesi kama ilivyo Mombasa.

Neno la pili ni seteni, kipimo cha dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta hunyunyizwa katika hewa iliyoshindiliwa mpaka ikawa moto sana, yakawaka yenyewe. Seteni ikiwa ndogo, lori huwaka kwa taabu asubuhi ya baridi na kutoa moshi mweupe. Hapa ieleweke kwamba sifa ya dizeli ni kuwaka upesi yenyewe, na sifa ya petroli ni kutowaka hivyo. Ndiyo sababu moja haiwezi kutumika mahali pa nyingine.

Neno la tatu ni kiwango cha kushika moto, yaani joto ambalo mafuta huanza kutoa mvuke uwezao kuwaka. Mafuta ya taa hufikia kiwango hicho karibu na nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi, na dizeli hupita hapo. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikwenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huilegeza, pampu na nozeli zikakosa ulainisho na kulika. Kwa kuwa bei yake ndogo iliwavuta wadanganyifu, mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita.

Hatari kubwa zaidi i nyumbani. Petroli kidogo tu, iliyosalia katika debe, ikiingia katika mafuta ya taa hushusha kiwango chake cha kushika moto, na taa ya chumbani huweza kulipuka. Basi kila mafuta yawe na chombo chake chenye alama, na debe la petroli lisitiwe mafuta ya taa kamwe.