Ukiombwa mate kliniki ya akili, uliza kwanza

Umefika kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Hii ni wiki ya tatu hulali, au umemsindikiza ndugu yako anayesikia sauti ambazo nyinyi wengine hamzisikii. Mlango unafunguka: daktari mmoja, na nyuma yake wanafunzi watano wenye makoti meupe. Halafu anatokea mwingine na fomu, anauliza kama ungependa kushiriki utafiti.

Usishtuke. Hospitali kama ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret hutibu, hufunza na hutafiti, yote chini ya paa moja. Lakini kazi hizo tatu si kitu kimoja, na una haki ya kujua ni ipi inayoendelea ukiwa umeketi pale.

Chukua mfano wa utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis. Eldoret na Kilifi, pamoja na Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, watafiti walikusanya mate ya maelfu ya watu wazima: wenye skizofrenia au baipola, na wengine wasio na maradhi hayo, ili kulinganisha jeni zao. Mbona mate? DNA imo humo, na hakuna sindano. Mbona Afrika? Kwa sababu data nyingi za jeni duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kinachogunduliwa kwao si lazima kitufae sisi.

Mimi kilichonivutia zaidi ni hiki: kabla ya kutia sahihi, mtu aliulizwa maswali kupima kama ameelewa. Utafiti ni wa nini? Je, ni lazima? Akikosea, anaelezwa tena. Yaani kuugua akili pekee hakukumnyima mtu nafasi ya kujiamulia, jambo ambalo hata nyumbani kwetu huwa tunalisahau.

Sasa wewe ukiletewa fomu, uliza: hii ni tiba au utafiti? Nani ataona jina langu? Naweza kujitoa katikati? Ukikataa, dawa zako na miadi yako na daktari hazifai kubadilika hata kidogo. Usitie sahihi eti kwa sababu umeona haya.

Na wale wanafunzi watano? Unaweza kuomba watoke. Sema tu, "Daktari, ningependa tuongee sisi wawili."