Kumpiga Picha Korongo wa Ruma

Msafiri atokaye Awendo, akiisha kuyaacha mashamba ya miwa na kushuka katika bonde la Lambwe, huikuta Mbuga ya Taifa ya Ruma. Nchi hiyo ilitengwa mwaka 1966, na mnyama wake mashuhuri ni korongo, wa jamii ya swala, mwenye kimo karibu na cha ng'ombe, uso mweusi wenye mabaka meupe, na pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Katika hesabu ya wanyama wa Kenya ya mwaka 2021 walionekana korongo 15 tu, na Ruma ndiko kwao. Basi si ajabu wenye kamera kumtafuta.

Wapo wadhanio kwamba picha haidhuru, kwa kuwa haimwagi damu. Sivyo siku zote. Korongo jike akiisha kuzaa humficha ndama wake katika majani marefu kwa majuma kadhaa; yeye hula mbali kidogo, kisha hurudi kumnyonyesha. Motokaa ikisimama kati yake na maficho hayo, mama haji. Naye ndama akikurupushwa hukimbia mahali pa wazi, ambapo fisi humwona. Palipo na wanyama wachache hivyo, ndama mmoja si jambo dogo.

Kwa hiyo yampasa mpiga picha kwenda alfajiri, kuzima mtambo wa gari, kukaa ndani, na kutumia lenzi ya kuvuta mbali. Akiona vichwa vimeinuka na masikio yamemwelekea, ajue amekwisha kukaribia mno.

Kusubiri huko si starehe, maana Lambwe ni nchi ya mbung'o, na hapo zamani malale yalitesa watu wengi. Mbung'o huvutwa na kitu kiendacho, na rangi za buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa nguo za rangi hizo. Avaaye koti la buluu amejifanya mtego mwenyewe! Lakini mbung'o hao hao ndio waliowazuia watu wasilijaze bonde kwa mashamba, korongo akapata kusalia.

Picha iliyo wazi ya uso na pembe, iliyoandikwa tarehe na mahali, yaweza kuwasaidia walinzi kumtambua mnyama mmoja mmoja. Yafaa wapelekewe wao kwanza, kabla ya kuonyeshwa rafiki.