CARLOFORTE, MJI WALIOUJENGA WACHUKUZI

Ndugu wafanyakazi, tukisikia habari za visiwa vya Bahari ya Mediterania, wengi wetu hufikiri juu ya matajiri wanaoota jua. Hao wapo, sikatai. Lakini nilipokuwa Italia kwa semina ya vyama vya wafanyakazi nilipata siku mbili za mapumziko, nikaenda kuutazama mji mmoja mdogo ambao historia yake ni ya watu wa kuchukua mizigo begani. Mji huo unaitwa Carloforte, na ndio mji pekee katika kisiwa cha San Pietro, kusini-magharibi ya Sardinia. Wakazi wake ni kama 6,000.

Unapanda feri Portovesme, na baada ya dakika 40 hivi umefika. Ukigeuka nyuma ukiwa baharini unayaona mabomba ya viwanda vya Portovesme. Kiwanda cha kuyeyushia alumini kilichokuwa hapo kilisimamisha kazi mwaka 2012, na wafanyakazi wake waliandamana mpaka Roma kudai kazi zao. Watalii wengi hawageuki nyuma.

Mji huu una damu ya Afrika ndani yake. Katika karne ya 16 wavuvi wa marijani kutoka Pegli, karibu na Genoa, walihamia kisiwa kidogo cha Tabarka kwenye pwani ya Tunisia. Wakaishi huko karibu miaka 200. Mwaka 1738 kundi lao moja lilipewa kisiwa cha San Pietro na Mfalme Carlo Emanuele III wa Sardinia, na mji ukaitwa kwa jina lake. Hata leo wenyeji wanasema lugha ya Genoa, si ya Sardinia, na chakula chao cha sherehe ni kuskusi, ambayo wao huiita cascà.

Sanamu ya mfalme huyo imesimama bandarini, mkono mmoja haupo. Wafaransa walipokuja kukiteka kisiwa mwaka 1793, watu waliiangusha sanamu ili waifukie wasije wakaivunja wageni, na katika haraka hiyo mkono ukakatika. Haukurudishwa.

Lililo zito zaidi lilitokea usiku mmoja wa Septemba 1798. Maharamia kutoka Tunis waliuvamia mji wakachukua mateka mamia kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakawatia utumwani. Walikaa huko miaka mitano, hata wakakombolewa mwaka 1803. Mateka mmoja aliokota sanamu ndogo nyeusi ya mbao ufukoni, wakaifanya ya Bikira Maria, na walipokombolewa wakarudi nayo. Iko katika kikanisa chake mjini, na kila tarehe 15 Novemba huadhimishwa sikukuu ya Bikira wa Mtumwa. Sisi watu wa pwani tunaojua Bagamoyo na Zanzibar hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Vipo vingine vya kutazama: vichochoro vyenye kamba za nguo juu ya kichwa, mnara wa taa wa Capo Sandalo kwenye majabali ya magharibi, na mashamba ya chumvi ambayo hayatoi chumvi tena, bali yamejaa heroe, ndege wale wale wa Ziwa Nakuru.

Kisha kuna jodari. Kila masika ya huko, samaki hao wakubwa wanapoingia kutoka Bahari ya Atlantiki kwenda kuzaa, wavuvi huwatega kwa nyavu zilizopangwa kama vyumba, kimoja baada ya kingine, hata chumba cha mwisho kinachoitwa chumba cha kifo. Mkuu wa wavuvi hao anaitwa rais. Naam, rais, neno lile lile la Kiarabu tulilo nalo sisi. Lakini rais wa jodari asipokamata samaki, hana wa kumsingizia.

Sasa nije kwa wachukuzi. Milima ya Sardinia inayotazamana na kisiwa ilikuwa na machimbo ya risasi na zinki, na pwani yake haikuwa na bandari ya meli kubwa. Basi watu wa Carloforte, walioitwa galanzieri, waliyabeba mawe ya madini kwa vikapu mabegani, wakayapakia katika mashua za tanga, wakayavusha mpaka Carloforte, na huko wakayapakua yaingie katika meli. Upepo ukikataa, hakuna safari.

Mwaka 1897 alifika kijana aliyesomea udaktari, Giuseppe Cavallera, kutoka kaskazini ya Italia. Yeye na wanamashua hao wakaanzisha chama chao, kati ya vyama vya kwanza kabisa vya wafanyakazi katika Sardinia. Kutoka hapo akawafuata wachimbaji. Tarehe 4 Septemba 1904, huko Buggerru, wachimbaji waligoma kwa sababu meneja alipunguza muda wao wa kupumzika mchana. Cavallera alikuwa ndani akizungumza na wakubwa kwa niaba yao wakati askari walipofyatua risasi nje. Watu waliuawa, na kabla mwezi haujaisha Italia nzima ilikuwa katika mgomo mkuu wa kwanza wa historia yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wanamashua wa Carloforte walijijengea jumba lao wenyewe, lenye ukumbi wa maonyesho. Lipo hata leo, na jina lake ni Cavallera. Nililizunguka mara mbili. Lakini wakati wao wakipandisha kuta, ng'ambo ya bahari, mahali paitwapo Masua, mhandisi wa kampuni ya madini alikuwa akitoboa jabali. Njia yake, Porto Flavia, ilifunguliwa mwaka 1924. Madini yalikusanywa ndani ya mlima, kisha mkanda wa mashine ukayamimina moja kwa moja ndani ya meli iliyosimama chini ya mwamba. Upakiaji uliochukua majuma ukawa wa siku chache. Kikapu hakikuhitajika, wala tanga, wala galanzieri. Ninyi wa mashamba ya chai mlioziona mashine za kuchuma zikiingia mnaelewa jambo hili kuliko mimi.

Porto Flavia nayo haipakii kitu tena, maana machimbo yamefungwa. Siku hizi watalii hulipa kiingilio, huvishwa kofia ngumu, na huongozwa ndani ya njia ile hata mwisho wake, mahali jabali linapofunguka juu ya bahari.