Laptopu ya marehemu, tundu moja la USB na kadi ya pauni 9

Wengi wetu tunaoishi huku ughaibuni tuna laptopu ya zamani iliyolala kabatini au chini ya kitanda, ikingojea siku ya kufunga mzigo wa kupeleka nyumbani. Sisi ya kwetu tuliachiwa na marehemu baba mkubwa, aliyeinunua hapa Uingereza mwaka 2002. Mwezi uliopita mama mkubwa alitupigia simu kutoka Tanga akauliza: "Wanangu, zile picha za baba yenu mmeshazitoa?"

Hatukuwa tumezitoa. Humo mlikuwa na picha za harusi ya binti yao pamoja na video ya harusi hiyo hiyo, jumla yake kama GB 20, na nakala nyingine haipo popote.

Tukaichomeka kwenye umeme, ikawaka, tukashukuru. Shukrani hazikudumu. Laptopu hiyo ina matundu mawili tu ya USB. Moja ulimi wake wa ndani umevunjika na halishiki kitu. La pili lilikuwa tayari lina kazi, maana nusu ya herufi za kibodi yake zimekufa, na bila ya kuchomeka kibodi ya nje huwezi hata kuandika neno la siri. Kiendeshi cha CD kinasoma tu, hakichomi. Sasa diski ya nje ya kuhamishia picha tuichomeke wapi?

Jawabu la kwanza la kila tuliyemuuliza lilikuwa habu, yaani kile kigawanyi kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Tukajaribu. Diski ikalia tik-tik-tik, taa yake ikazimika. Sababu ni umeme. Tundu la USB la zama zile hutoa volti 5 na miliampea 500 tu, na habu isiyo na chaja yake haiongezi hata chembe, inagawa kilekile kidogo kilichopo. Diski inapoanza kuzunguka inataka zaidi ya hapo. Tena hata kama umeme ungetosha, matundu ya laptopu ile ni ya USB 1.1, yenye mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde, ambao katika kazi halisi ni kama megabaiti 1. Piga hesabu mwenyewe: GB 20 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa tano na nusu, kwa mashine ambayo hatukuwa na hakika itabaki hai hata saa mbili.

Wapo watakaosema kwa nini hatukuifungua tukaitoa diski ya ndani. Inawezekana, na kwa laptopu iliyokwisha kufa ndiyo njia. Lakini hii tulitaka iendelee kutumika Tanga, na matundu ingeyahitaji tu.

Ndipo tulipougeuza ubavu wake tukaona upenyo mwembamba wenye kifuniko cha plastiki, ambao kwa miaka yote hatukuwahi kuujali. Huo ni upenyo wa kadi. Ndani yake huingia kadi yenye ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki, ila nene zaidi, na kadi hiyo inaweza kuwa ya modemu, ya Wi-Fi au ya matundu ya ziada ya USB. Tofauti yake na habu ni kwamba haigawi tundu lililopo. Inakuja na kidhibiti chake chenyewe na kuongea na laptopu kwa njia nyingine kabisa. Kwa hiyo laptopu ya USB 1.1 inapata USB 2.0, yenye megabiti 480 kwa sekunde.

Hapa ndipo tulipopoteza pauni 12. Tuliona mtandaoni kadi ya laptopu yenye matundu mawili, tukalipa. Ilipofika tukaitia, ikaingia ikiyumbayumba kama jino la mtoto, na hakuna lililotokea. Kumbe kuna aina mbili ambazo mtu asiyejua huzichanganya. Ya zamani ni CardBus, iliyotoka mwaka 1995, yenye upana wa milimita 54, na karibu na meno yake ina ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vidogo. Iliyofuata ni ExpressCard, ya mwaka 2003, ambayo sehemu yake ya kuunganishia ina upana wa milimita 34. Unene ni uleule, kwa hiyo hii nyembamba inapenya katika upenyo wa mwenzake, lakini hazielewani hata kidogo. Muuzaji hakutudanganya, sisi ndio hatukupima. Chukua rula, ndugu msomaji, kabla ya kuchukua kadi ya benki.

Mwenye laptopu ya ExpressCard naye asifurahi haraka. Upenyo wake una njia mbili ndani, PCI Express na USB 2.0 ya kawaida, na baadhi ya kadi rahisi hutumia hiyo ya pili tu. Kadi ya namna hiyo ni habu iliyovaa koti. Ukitaka USB 3.0 hakikisha ni ya PCI Express, na ujue kwamba Windows XP na Windows 7 zitadai draiva. Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, inayo ndani yake.

Kadi yetu ya pili, CardBus halisi, ilitugharimu pauni 9. Draiva haikuhitajika, kwa sababu Windows XP kuanzia Service Pack 1 ya mwaka 2002 inaitambua USB 2.0. Ubavuni ina kitundu cha duara cha kuingizia umeme wa ziada, pamoja na waya wake. Basi tukahamishia kibodi kwenye kadi, na lile tundu moja lililosalia la laptopu tukaliachia kazi ya kutoa umeme tu. Diski ikazunguka bila ya tik-tik. Nusu saa haikufika, picha zote zikawa zimeingia, na katika ya tatu tuliyoifungua baba mkubwa alikuwa amevaa kanzu, anamcheka mpiga picha.

Mambo mawili kwa atakayefuata njia yetu. Kadi hutokeza nje ya laptopu, kwa hiyo usiibebe ikiwa imechomekwa. Kugongwa mara moja kunatosha kupinda pini za ndani, na hizo hazitengenezeki kirahisi. Na kabla ya kuichomoa, iage kwanza kwa kile kialama cha pembeni chini ya kioo, kama unavyofanya na fleshi.

Picha sasa ziko mahali pawili, kwetu na katika fleshi aliyoondoka nayo shemeji wiki iliyopita. Laptopu itafuata kwa meli, kwa ajili ya wajukuu kuchapia kazi za shule. Tumewaambia wasiiunganishe na intaneti, maana XP iliacha kupewa kinga mwaka 2014. Kadi tumeichomoa, tukaiviringisha ndani ya soksi.