Amepona, Lakini Darasani Anaachwa Nyuma

Neno "amepona" aghalabu huchukuliwa kuwa mwisho wa taabu. Kwa mtoto aliyetibiwa uvimbe wa ubongo kwa mionzi, sivyo mambo yalivyo, na sisi walimu ndio mashahidi, ijapokuwa wengi wetu hatujui tunachokitazama.

Chukua medulobilastoma, saratani inayoota kisogoni na ambayo huwapata zaidi watoto. Baada ya upasuaji, ubongo mzima na uti wa mgongo humulikwa kwa mionzi ili kuua seli zilizotawanyika. Mionzi haibagui. Hudhuru pia nyuzi nyeupe zinazopeleka habari kutoka pembe moja ya ubongo hadi nyingine, nazo utotoni huwa zingali zinakua. Ndiyo sababu madaktari hujitahidi kuwaepusha walio chini ya miaka 3, wakianza na dawa za kemikali.

Linalotutatiza walimu ni kwamba madhara hayaji mara moja, huchukua miaka. Mtoto hurudi darasani na alama zake za zamani, kisha huanza kuachwa polepole. Aghalabu hajasahau aliyofunzwa, ila mapya huyapata kwa mwendo wa kobe ilhali wenzake wanasonga. Hesabu anaijua, lakini mpe maagizo matatu kwa mpigo, la tatu litamponyoka. Nimesikia watoto wa namna hii wakiitwa wazembe katika chumba cha walimu, na neno hilo hunichoma.

Je, mionzi iachwe? La hasha! Kwa wagonjwa wenye hatari ya wastani, kipimo kilipunguzwa kutoka grei 36 hadi 23.4, kikisaidiwa na dawa, na matokeo yakawa mema. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulipojaribu kushuka hadi grei 18 kwa watoto wadogo, waliookoka walipungua. Madaktari wamebanwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inaangukia shule.

Mtoto huyu aongezewe muda wa mtihani. Apewe maandishi badala ya kunakili ubaoni. Aketi mbele, kwani dawa iitwayo sisplatini huweza kudhuru masikio pia. Wazazi nao, wanaoficha barua ya hospitali wakichelea mtoto kutengwa, wampe mwalimu mkuu nakala, tena imfuate mtoto hadi sekondari, ambako masomo huongezeka na pengo huonekana wazi.