'SIMU HII INAREKODIWA'... USIKATE, SHANGAZI!

Msomaji wangu, kuna sauti moja ya kike, laini kama mafuta ya nazi, ambayo kila mwenye simu Bongo anaijua. Unapiga huduma kwa wateja, jasho linakutoka, mshiko umeota mbawa, halafu yenyewe inakwambia taratibu: "Simu hii inaweza kurekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma."

Wengi tunaipuuza. Shangazi yangu wa Nyarero, kule Tarime, hakuipuuza. Alikata simu!

Ilikuwa hivi. Nilikwenda kumsalimia wakati wa sikukuu. Jioni moja akamtumia mwanawe aliyeko Mwanza hela ya ada, shilingi 250,000, akakosea tarakimu moja tu. Hela ikatua kwa mtu asiyemjua. Nikamwambia, "Shangazi, piga huduma kwa wateja haraka." Akapiga. Aliposikia neno kurekodiwa, akaitupa simu kitandani kama kaa la moto.

"Wananirekodi mimi? Nimeiba ng'ombe wa nani?"

Usicheke. Kwa shangazi, sauti ikishatunzwa ni maneno yatakayokuja kusomwa polisi. Ilibidi nimbembeleze robo saa nzima, huku hela iko kwa mtu. Mwisho akakubali, akajibu maswali yote, na jamaa wa upande wa pili akasema poa mama, hela itazuiwa. Ilikuwa saa 2:40 usiku. Nikaiandika nyuma ya daftari.

Asubuhi tunapiga tena, kasheshe. Dada mwingine anasema, "Mama, hapa sioni malalamiko yoyote." Shangazi machozi yakaanza kumlengalenga. Nikachukua simu.

"Dada yangu, jana saa 2:40 usiku tumeongea na mwenzako. Nyie wenyewe mlisema mnarekodi. Naomba msikilize."

Kimya. Muziki. Dakika kama saba hivi. Aliporudi, sauti ilikuwa imepoa: "Samahani mama, tumeisikia." Mpokeaji alikuwa keshatoa 70,000. Zilizobaki, 180,000, zikazuiwa na baada ya siku chache zikarudi. Jina la kampuni nalihifadhi, lakini somo nakugawia bure.

MTAMBO WENYEWE UKOJE?

Niliporudi Dar nikamtafuta mshikaji mmoja anayefunga mitambo hiyo kwenye vituo vya huduma kwa wateja. Akanicheka nilipomuuliza kama wanatumia kaseti. Siku hizi sauti inapita kwenye mtandao wa kompyuta. Mtambo unachukua nakala ya pande zote mbili, ya mteja na ya mhudumu, kisha unaibandika namba iliyopiga, tarehe, saa na jina la mhudumu. Bila lebo hizo, kuitafuta simu moja kati ya maelfu ni kuhesabu mchanga wa Koko Beach. Ndiyo maana ile saa 2:40 ilituokoa.

Halafu kuna suala la nafasi. Sauti ya kawaida ya simu, isipobanwa, inakula karibu nusu megabaiti kwa dakika kwa kila upande. Maongezi ya dakika tano ni kama megabaiti tano. Zidisha kwa simu za mwezi mzima, utaelewa kwa nini hazitunzwi milele. Ukichelewa kulalamika, unaweza kukuta zimeshafutwa.

Lakini mshikaji anasema kufunga mtambo si kazi ngumu. Ngumu ni kuamua nani aruhusiwe kusikiliza, rekodi zifutwe lini, na kuuzima mtambo pale mteja anapotaja mambo ya siri. Na wewe kumbuka: mhudumu wa kweli hakuulizi namba yako ya siri, mtambo urekodi usirekodi.

SAUTI NI YAKO

Hapa ndipo wengi tunapolala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akwambie anazitaka za nini, na wewe una haki ya kuomba kuziona. Sauti yako inayokutambulisha ni taarifa zako. Wakikuzungusha, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko.

Kwa hiyo ukipiga, andika saa, jina la mhudumu na namba ya malalamiko. Ukiwa mikono mitupu, utabishana mpaka salio liishe.

Na nyie wenye kampuni, hilo tangazo lenu lisemeni kibinadamu: tunarekodi ili kukulinda wewe na sisi. Shangazi asingekata simu, na 70,000 pengine ingepona.

Siku hizi yeye akipiga, hangoji hata kuulizwa. Anaanza kwa sauti ya juu: "Haya, rekodini vizuri. Naitwa mama fulani, napiga kutoka Nyarero!"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.