Sungura si kuku: Ushauri wa bure unavyokula mtaji mpakani

Mfanyabiashara anayenunua sungura upande mmoja wa mpaka ili akawauze upande wa pili hukagua kizimba kabla ya kulipa. Karatasi za afya ya mifugo nazo hukaguliwa na ofisa. Kinachovuka bila kukaguliwa na mtu yeyote ni ushauri wa namna ya kuwatunza, na mara nyingi ndio unaoua.

Ushauri wenyewe haukosekani. Muuzaji anao, dereva anao, duka la dawa za mifugo linao, na simu kila siku huingiza ujumbe wa sauti uliosambazwa hadi haijulikani nani aliuanzisha. Ugumu uko katika kuupima, kwa sababu ushauri mbaya wa sungura mara chache huwa uongo mtupu. Kwa kawaida ni jambo la kweli lililotolewa mahali pake.

Maji ni mfano ulio karibu. Kutoka Arusha hadi Kampala utamkuta mtu anayeapa kwamba sungura hanywi maji, na kwamba ukimpa ataharisha na kufa. Imani hiyo ina chanzo. Kiswahili kinatumia jina moja, sungura, kwa wanyama wawili tofauti. Yule wa porini, mjanja wa hadithi za bibi, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na hupata sehemu kubwa ya maji yake kwenye majani anayokula. Wa kufugwa asili yake ni Ulaya ya kusini magharibi. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, na kizimbani hula anachopewa tu. Akilishwa majani mabichi mchana kutwa anaweza kuonekana hana haja ya maji. Akihamishiwa chakula kikavu cha vidonge, sungura wa kilo 3 huhitaji kati ya mililita 150 na 450 kwa siku, na anayenyonyesha huhitaji zaidi. Asipopata, kwanza huacha kula. Mwenye mali huona hali, huona tumbo limekaza, kisha hukimbilia dukani kununua dawa.

Hapo dukani hatari huongezeka. Unga wa antibayotiki unaochanganywa kwenye maji ya kuku unauzwa karibu kila mji wa mpakani, na jibu la haraka ni kwamba kinachomtibu kuku kitamtibu na sungura. Mfumo wa chakula wa sungura haufanani hata kidogo na wa kuku. Nyasi anazokula humeng'enywa na bakteria wanaoishi katika utumbo wake mpana, na kinyesi laini kinachotoka huko hukila tena, moja kwa moja, ili apate vitamini na protini. (Anayekuambia kuwa sungura anayekula kinyesi chake ni mgonjwa, usimwulize jambo jingine.) Dawa kama ampicillin, amoxicillin au lincomycin ikipita mdomoni huua bakteria hao wazuri, wabaya hushika nafasi na kutoa sumu, na ndani ya siku chache mnyama hufa kwa kuhara.

Lakini penicillin hiyo hiyo daktari wa mifugo anaweza kuidunga kwa sindano kutibu baadhi ya maradhi ya sungura. Kwa hiyo mtu akisema "penicillin ni dawa ya sungura" huenda hadanganyi. Tofauti ya mali na mzoga ni njia iliyotumika, na ujumbe wa sekunde 30 hautaji njia.

Mambo ni yale yale kwa viroboto na ukoko wa masikioni. Fipronil, inayopakwa mbwa na paka kuua viroboto, ni sumu kwa sungura. Ivermectin hudungwa chini ya ngozi kutibu ukoko, kwa kipimo kinachofuata uzito, na hurudiwa baadaye kwa sababu mayai ya wadudu hubaki. Wapo wanaopaka oili chafu ya injini. Sungura hujisafisha kwa miguu na ulimi, na kinachopakwa sikioni huishia tumboni.

Kipimo cha kwanza cha mshauri, basi, ni maswali anayouliza kabla ya kujibu. Sungura ana kilo ngapi? Ana umri gani? Jana alikula nini, na leo ametoa mavi? Anayetaja dawa kabla ya kujua uzito anauza dawa. Na anayesema mgonjwa afungishwe siku nzima ili tumbo lipumzike amemchanganya na binadamu: sungura hawezi kutapika, utumbo wake hautakiwi kusimama, na asipokula kwa saa 12 tayari ni dharura.

Video za Uingereza na Marekani zina usahihi wake, hasa zinaposisitiza nyasi kavu kuwa msingi wa mlo wa sungura mzima. Lakini zinamhusu anayeishi sebuleni, na nyasi wanazozitaja hazipatikani kwa urahisi huku. Marobota ya nyasi za Rhodes yanayouzwa Kenya kwa ajili ya ng'ombe yanafanya kazi hiyo vizuri, mradi hayana ukungu. Joto nalo video hizo huligusia tu. Sungura hatoki jasho. Hupoza mwili zaidi kwa masikio, na joto likipita nyuzi 30 huanza kuzidiwa. Kizimba kilichofunikwa turubai juu ya gari saa saba mchana ni tanuri. Anayejua kazi hii husafirisha alfajiri.

Hasara kubwa zaidi kwa mchuuzi, hata hivyo, hutokana na jambo ambalo washauri wengi hawaligusi: kubadilisha chakula ghafla. Vitoto vilivyotoka kuachishwa ziwa, vikipanda gari leo na kesho kuamkia chakula kipya, huharisha na kufa hata bila ugonjwa kutoka nje. Dawa yake ni kununua pamoja nao chakula walichozoea, kisha kuchanganya kile kipya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Chakula cha kuku kisiwe mbadala. Baadhi yake huwekwa dawa za kuzuia koksidia, kama narasin, ambazo humuua sungura.

Kuhusu mpaka wenyewe, ushauri unaoenea ni kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 "hauna karatasi". Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamrahisishia mchuuzi cheti cha asili ya bidhaa zilizo kwenye orodha yake. Haufuti kibali wala cheti cha afya kwa mnyama hai. Daktari wa mifugo anayekitoa awe amesajiliwa na mamlaka ya nchi yake, na kwa kuwa tayari amesimama mbele ya kizimba chako, ndiye wa kuulizwa kuhusu dawa pia.

Kabla ya kufika kwake, chuchumaa uangalie chini ya kizimba cha muuzaji. Mavi ya mviringo, makavu, yanayolingana, yanaonyesha tumbo linalofanya kazi. Ukiona matope, au ukiona pamefagiliwa muda si mrefu, omba kumwona sungura akila.